UZI: Hadubini ya mwanga uliopolaraizwa kwa sampuli za kibaiolojia. Unachokiona kinawaka ni mpangilio wa molekuli

Slaidi_na_Lenzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Picha za hadubini zenye uwanja mweusi na vitu vinavyowaka rangi rangi zikiwekwa mtandaoni, swali la kwanza huwa "hiyo mmeipaka nini?" Mara nyingi haikupakwa chochote. Ni mwanga uliochujwa mara mbili, basi. Nafungua uzi huu kwa sababu naona picha hizo zinapendwa sana na kusomwa vibaya sana. Kitu kikiwaka, msomaji anaandika "kipo". Kisipowaka, anaandika "hakipo". Hadubini hii haifanyi kazi hiyo. Inachokupa ni habari za namna molekuli zilivyojipanga.

Mwanga wa taa ya kawaida hutetema pande zote. Chini ya kondensa, lenzi inayokusanya mwanga chini ya jukwaa la slaidi, unaweka polaraiza, kichujio kinachopitisha mtetemo wa upande mmoja tu. Juu ya objektivu, lenzi iliyo karibu na sampuli, unaweka kichujio cha pili cha aina ileile, tunakiita analaiza, kikiwa kimegeuzwa digrii 90. Vikikingamana hivyo, uwanja unakuwa mweusi. Weka slaidi yenye tone la maji, bado ni mweusi. Sasa ongeza wanga wa kiazi kidogo tu kwenye hilo tone: kila chembe inawaka, na katikati yake kuna msalaba mweusi wenye mikono minne.

Kilichotokea ni hiki. Maji hayana mpangilio, kwa hiyo mwanga unapita kwa kasi ileile hata utetemee upande gani. Chembe ya wanga ina minyororo ya molekuli iliyojipanga kutoka kitovuni kwenda nje. Mwanga ukiingia humo unagawanyika kuwa miale miwili inayotetema kwa pembe mraba, na mmoja unakwenda taratibu kuliko mwingine. Sifa hiyo inaitwa baifrinjensi. Miale ikitoka upande wa pili imeshapishana hatua, mtetemo wake wa pamoja umebadilika, na sehemu yake inapenya analaiza. Msalaba mweusi ni zile sehemu za chembe ambazo molekuli zake zimelala sambamba na polaraiza au na analaiza. Hazikosi mpangilio hata kidogo, ila kwa mkao huo haziwezi kuonekana.

Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Kitu chenye baifrinjensi huwaka zaidi kikiwa digrii 45 kutoka kwenye vichujio, na huzimika kila baada ya digrii 90. Zungusha mzunguko mzima, kitazimika mara nne. Kwa hiyo picha moja ya mkao mmoja, bila kuzungusha jukwaa, haithibitishi lolote kuhusu kile kilichobaki cheusi.

Kiasi cha kupishana hatua ni unene wa sampuli ukizidishwa na tofauti ya viwango vya kupinda mwanga. Kolajeni, protini ya nyuzi zinazoshikilia tishu, isipopakwa rangi ina tofauti ya takribani 0.003. Kipande chenye unene wa maikromita 5 kinakupa nanomita 15 hivi, yaani kijivu hafifu. Kalsaiti ni 0.172, na ndiyo maana Erasmus Bartholin aliweza kuona jambo hili mwaka 1669 kwa macho tu, akitazama maandishi kupitia fuwele ya kalsaiti ya Aislandi na kuyaona mawili mawili.

Maswali karibuni. Wenye maabara za binadamu, mimea na wadudu leteni ya kwenu.

---

Kijana_wa_Seli

Mkuu asante, nimeelewa msalaba kwa mara ya kwanza. Swali: nina hadubini ya kawaida ya chuo, jukwaa lake halizunguki. Naweza kuibadilisha au hadi ninunue ile maalumu?

---

Fundi_Optiki

@Kijana_wa_Seli unaweza, kwa sampuli nyingi tu. Unahitaji vipande viwili vya filamu ya polaraiza. Kimoja kilaze juu ya tundu la taa, chini ya kondensa, na usikibane, ili uweze kukizungusha kwa kidole. Cha pili kiende popote kati ya objektivu na jicho lako au kamera. Ukiweza kukiweka ndani, chini ya kichwa cha hadubini, ni bora kuliko juu ya lenzi ya jicho, lakini hata hapo juu kinafanya kazi.

Ukitumia vichujio vya kamera, angalia aina. Vile vilivyoandikwa kuwa ni vya mviringo vina polaraiza ya kawaida upande mmoja na bamba la robo wimbi, linalochelewesha mwale mmoja kwa robo ya wimbi, upande wa pili. Ukivielekeza vibaya, uwanja hautakuwa mweusi, utaona rangi za ajabu na utadhani filamu ni mbovu. Geuza kichujio, jaribu tena.

Jukwaa lisipozunguka, zungusha vichujio vyote viwili pamoja, au geuza slaidi kwa mkono. Inachosha na sampuli inakimbia nje ya uwanja, ila inatosha kujua kama kitu kinazimika au la.

Mambo mawili ambayo mafundi hawasemi. Kwanza, filamu moja peke yake inakula zaidi ya nusu ya mwanga, kwa hiyo taa dhaifu itakuangusha. Pili, objektivu za kawaida zinaweza kuwa na mkazo ndani ya kioo chake, na kioo chenye mkazo nacho kina baifrinjensi. Brewster alilionyesha hilo tangu 1815. Ukiona uwanja haufiki weusi kamili hata bila slaidi, toa lenzi moja moja uone ni ipi inayoleta mwanga.

---

Slaidi_na_Lenzi

Naongezea kwa @Fundi_Optiki: funga kidogo tundu la kondensa. Mwanga unaoingia kwenye lenzi kwa pembe kali hugeuzwa mtetemo wake na uso uliopinda wa kioo. Ndiyo maana objektivu ya 10 hukupa weusi mzuri kuliko ya 100 ya mafuta kwenye mashine ileile.

---

Mama_Maabara

Nimefurahi uzi huu umekuja. Kazini kwetu hii hadubini ni ya jongo kabla ya kitu kingine chochote, na ngoja niseme ukweli, watu wanaikariri bila kuielewa.

Tangu McCarty na Hollander walipoonyesha mwaka 1961 kwamba fuwele za yureti, chumvi ya asidi ya yuriki inayoleta jongo, zinatambulika kwenye majimaji ya kiungo kwa mwanga huu, kipimo chenyewe hakijabadilika sana. Unachukua tone mbichi, unafunika kwa kioo, unakinganisha vichujio, unatafuta visindano vinavyowaka sana. Kisha unaingiza kompenseta, lile bamba la wimbi zima, na uwanja unageuka kuwa rangi ya zambarau iliyokolea wekundu. Sindano ya yureti iliyolala sambamba na mhimili wa polepole wa bamba, yaani upande ambao mwanga ukitetemea unakwenda taratibu, inakuwa njano. Iliyokaa pembe mraba nao inakuwa bluu. Fuwele za kalsiamu pairofosfeti ni kinyume: sambamba ni bluu, umbo lake mara nyingi ni msambamba mfupi, na mng'ao wake ni hafifu.

Sasa vijana wakishakariri "njano ni yureti" wanasahau neno "sambamba". Uwanja uleule una sindano za njano na za bluu, zote ni yureti, zinatofautiana mkao tu. Lazima uchague sindano moja, uizungushe, na uione ikibadilika mbele ya macho yako.

Halafu hilo la mwanzisha uzi kuhusu "hakipo" linatuhusu kabisa. Fuwele nyingi za pairofosfeti haziwaki hata kidogo. Ukitafuta kwa vichujio vilivyokingamana peke yake, utaandika hakuna na utakuwa umempotosha daktari. Zitafute kwanza kwa mwanga wa kawaida, kisha polaraizi ije kuthibitisha.

Na kuwaka si cheti pia. Mgonjwa aliyedungwa dawa ya steroidi kwenye goti ana fuwele za dawa zinazowaka vizuri sana. Poda ya wanga ya glavu inakupa misalaba. Uzi wa pamba nao unawaka. Nimeona slaidi iliyopambwa kuliko sherehe, na yote ilikuwa uchafu.

---

Kijana_wa_Seli

Mama nisaidie hapo. Kwa nini bamba la wimbi zima lilete njano na bluu? Kwa nini lisifanye vitu viwake zaidi tu?

---

Slaidi_na_Lenzi

Nalichukua hili. Bamba lenyewe linachelewesha mwale mmoja kwa takribani nanomita 550, yaani urefu wa wimbi la kijani. Kijani kinazuiwa na analaiza, nyekundu na bluu zinapita, ndiyo ile zambarau. Mahali hapo kwenye ngazi ya rangi jicho la mtu ni jepesi ajabu. Ongeza nanomita chache, uwanja unaelekea bluu. Punguza chache, unaelekea njano.

Kitu ambacho mhimili wake wa polepole unalingana na ule wa bamba kinaongeza, kwa hiyo bluu. Kikikaa pembe mraba kinapunguza, kwa hiyo njano. Sindano ya yureti ina mhimili wake wa polepole kwa mapana, si kwa urefu. Ndiyo sababu ikilala sambamba na mhimili wa bamba inapunguza na kuwa njano.

Ile kolajeni ya nanomita 15 niliyoitaja, ambayo ilikuwa kijivu cha kubahatisha, hapa inakuwa 565 au 535, na macho yanaitofautisha bila shida. Jedwali la rangi zote na unene wake alilitoa Michel-Lévy mwaka 1888 kwa ajili ya watu wa miamba. Sisi wa tishu tunaishi kwenye kona yake ya mwanzo kabisa, ya kijivu na nyeupe. Rangi kali kwenye picha ya tishu isiyopakwa kitu hunipa shaka kwanza: ama kuna fuwele, ama bamba limeingizwa na mwandishi hakusema.

---

Jicho_Kavu

Wakuu mimi natumia rangi ya picrosirius, inayopaka kolajeni, kwa makovu ya ini na moyo. Nyekundu kolajeni aina ya I, kijani aina ya III, napima asilimia kwa programu, kazi imeisha. Sioni ugumu mnaousema.

---

Slaidi_na_Lenzi

@Jicho_Kavu hapo tutagombana kidogo, kwa heshima.

Junqueira na wenzake walileta njia hiyo mwaka 1979 na rangi yenyewe ni nzuri mno. Molekuli zake ndefu hulala sambamba na nyuzi za kolajeni na kuzidisha baifrinjensi. Lakini kijani, njano na nyekundu unazoziona zinafuata unene wa uzi, jinsi nyuzi zilivyobanana, na mkao wake. Nyuzi nyembamba za aina ya I zitakupa kijani. Zungusha jukwaa na uzi uleule unaweza kutoka mwekundu ukawa mweusi. Kata kipande kinene zaidi, "asilimia ya aina ya I" inapanda, na mgonjwa hajabadilika chochote.

Ukitaka kusema ni aina gani, tumia kingamwili mahususi za aina hiyo. Ukitaka kusema nyuzi zimebanana na zimeelekea wapi, picrosirius na mwanga huu ndiyo yenyewe.

---

Jicho_Kavu

Mbona makala nyingi zinafanya hivyo hivyo?

---

Mama_Maabara

Zinafanya, ndiyo. Wewe kesho kata block moja (tishu iliyogandishwa ndani ya nta) kwa maikromita 4 na kwa 8, paka pamoja siku moja, pima. Halafu rudi hapa utuambie ni kipi kati ya hivyo viwili ndiyo ini lako.

---

Fundi_Optiki

😂 Mama hana masihara.

Kuna suluhisho nusu: mabamba mawili ya robo wimbi, moja juu ya polaraiza na jingine kabla ya analaiza. Mwanga unakuwa wa mviringo na kila uzi unawaka bila kujali umeelekea wapi. Kwa kupima eneo ni afadhali zaidi. Hasara yake umeshapoteza habari ya mwelekeo. Tatizo la unene liko palepale.

---

Patholojia_Mtaani

Kwetu ni amiloidi, protini iliyojikunja vibaya na kulundikana kwenye tishu. Ikipakwa rangi ya Kongo redi, chini ya mwanga wa kawaida ni pinki ya kawaida tu, ukikinganisha vichujio inatoka kijani cha tufaha. Bennhold alileta rangi hiyo kwa amiloidi mwaka 1922, na Divry akaonyesha baifrinjensi yake 1927. Nyuzi za amiloidi zimejipanga vizuri na zinazilazimisha molekuli za rangi zijipange pia.

Ushauri kwa wanaoanza: msikate nyembamba kwa mazoea. Kongo redi inataka maikromita 8 hadi 10, la sivyo amiloidi kidogo inapotea. Na msing'ang'anie kijani pekee. Vichujio vikipotoka kidogo, au objektivu ikiwa na mkazo, sehemu nyingine zitatoka njano au chungwa, na hiyo ni fizikia yake, si kosa la upakaji. Kolajeni nayo itawaka nyeupe kando yake, hiyo iacheni.

Na jongo la kwenye tishu: yureti inayeyuka kwenye formalini yenye maji, ile dawa ya kuhifadhi tishu. Kipande kikiletwa kimeshalowa humo, fuwele zinaweza kuwa zimeondoka na umebaki na matundu yenye umbo la sindano. Mwambie daktari alete kwenye alkoholi kamili.

---

Kijana_wa_Seli

Je, seli hai? Maana zote mnazosema ni za mgonjwa au za block.

---

Slaidi_na_Lenzi

Nilikuwa nasubiri mtu aulize, maana hapa ndipo njia hii ilipofanya kazi kubwa kuliko zote.

Kabla ya miaka ya 1950 kulikuwa na ubishi: nyuzi zinazovuta kromosomu seli inapogawanyika, ni za kweli au zinatengenezwa na dawa za kuhifadhia sampuli? Kwenye seli hai, kwa mwanga wa kawaida, hazionekani. Shinya Inoué alijenga hadubini ya polaraizi yenye weusi wa hali ya juu, na mwaka 1953 akachapisha picha za nyuzi hizo ndani ya seli zilizo hai, mayai ya mnyoo wa baharini na seli za chavua ya yungi. Zaidi ya hapo alionyesha kwamba ukipoza seli nyuzi zinayeyuka, ukiipasha joto zinarudi. Tunachojua leo kuhusu mikrotubuli, vijimirija vinavyounda nyuzi hizo, kujijenga na kujibomoa kilianza kuonekana hapo, bila tone la rangi.

Oneni ugumu wake. Kupishana hatua kwa nyuzi hizo ni nanomita chache. Chukua 3, na mwanga wa 550. Ukipiga hesabu, hata kwa mkao bora wa digrii 45, kinachopenya ni karibu sehemu 1 kati ya 3,400. Vichujio vyako na lenzi zako zikivujisha sehemu 1 kati ya 1,000, uvujaji umeshaifunika picha. Vijiti vya kiberiti vilivyopangwa sandukuni na vijiti hivyohivyo vikiwa vimemwagwa mezani ni vitu vilevile, lakini viwili hivi hadubini itaviona tofauti kabisa. Inoué alikuwa akitazama sanduku lenye vijiti vichache sana.

Mwaka 1995 Oldenbourg na Mei, kule Woods Hole, walibadilisha kompenseta ya kuzungusha kwa mkono wakaweka ya fuwele maji inayoendeshwa kwa umeme. Unapiga picha kadhaa, kompyuta inakokotoa kila pikseli ina ucheleweshaji kiasi gani na mhimili wake umeelekea wapi. Tatizo la msalaba mweusi linaisha. Njia hiyo inatumika hata kwa mayai ya binadamu kwenye upandikizaji wa mimba, kuona nyuzi za mgawanyiko ziko wapi kabla ya kudunga mbegu, kwa sababu yai halipakwi chochote.

---

Mdudu_na_Jani

Wa mimea tupo. Kwa mwenye hamu ya kuanza leo: gamba kavu la nje la kitunguu, tone la maji, kifuniko. Fuwele za kalsiamu oksaleti ziko humo zimejaa, zinawaka bila kubembelezwa. Jani la mshubiri lina visindano vimefungwa mafungu. Kuta za seli zinawaka kwa sababu ya selulosi, na kwenye stomata, vile vitundu vya jani vya kupumulia, utaona seli za mlango zikitoa mng'ao unaofuata mpindo wake.

Misuli ya mguu wa mdudu nayo ni tamu: milia A inawaka, milia I inabaki giza, herufi zenyewe zilitokana na kazi hii.

Swali langu: nikiweka sampuli za mimea kwenye resini mng'ao unapungua. Nimeharibu?

---

Fundi_Optiki

Hujaharibu. Baifrinjensi iko ya namna mbili. Moja ni ya molekuli zenyewe. Nyingine inatokana na vijiti vyembamba sana vilivyopangwa ndani ya kitu kinachopinda mwanga kwa kiwango tofauti, mfano nyuzi ndani ya maji. Ukijaza nafasi hizo kwa resini yenye kiwango kinachokaribiana na cha nyuzi, hii ya pili inakufa na inabaki ya kwanza tu. Kwa hiyo ukilinganisha sampuli mbili, zote ziwe kwenye kiminika kimoja.

---

Patholojia_Mtaani

Na nta wakuu! Nta ya parafini isiyoondolewa vizuri inawaka vizuri sana, na kila mwaka kuna mwanafunzi anakuja mbio na "fuwele mpya". Vilevile weusi wa formalini yenye asidi: ni vijidoa vya kahawia, vinawaka, na rangi ya malaria kwenye tishu nayo ni kahawia na inawaka. Polaraizi peke yake haitakutofautishia. Angalia viko wapi. Vya formalini hutawanyika juu ya tishu bila kujali seli, vya malaria viko ndani ya seli nyekundu na ndani ya seli zinazokula uchafu. Formalini yenye bafa inakuepushia ubishi wote.

---

Kijana_wa_Seli

Seli zangu za kulea ziko kwenye sahani za plastiki. Uwanja wote una rangi za upinde wa mvua.

---

Slaidi_na_Lenzi

Ni plastiki hiyo. Polistaireni ikimiminwa kwenye kalibu minyororo yake inanyooka na kuganda hivyo hivyo. Hamishia kwenye sahani yenye kitako cha kioo, na kifuniko cha juu nacho kiwe kioo.

---

Mdudu_na_Jani

Jambo dogo la udadisi. Kweli polaraiza za kwanza za filamu zilitokana na mkojo wa mbwa?

---

Fundi_Optiki

Kwa kuzunguka, ndiyo. Mwanafunzi wa daktari Herapath alidondosha iodini kwenye mkojo wa mbwa aliyelishwa kwinini, zikatokea fuwele za kijani. Herapath akaziandikia mwaka 1852. Zikipandana, mahali pengine zinapitisha mwanga na pengine zinauzima. Edwin Land akaja kuzisaga fuwele za aina hiyo, akazipanga zote upande mmoja ndani ya filamu na kuomba hataza mwaka 1929. Zilizofuata ni plastiki iliyovutwa na kulowekwa iodini, na nyingi tunazotumia leo ni za ukoo huo.

---

Kijana_wa_Seli

Swali la mwisho. Sina bamba la wimbi zima. Nimesikia selotepu inafaa?

---

Slaidi_na_Lenzi

Zinazong'aa zinafaa nyingi, zile za rangi ya maziwa mara nyingi hapana. Bandika kipande kwenye kioo kisafi, kiweke kati ya vichujio kwa digrii 45, ongeza tabaka moja moja zikilala upande uleule mpaka uwanja ukaribie zambarau. Huenda usiifikie sawasawa.

Usichokijua hapo ni mhimili wa polepole wa tepu umeelekea wapi. Upime kwa wanga wa kiazi. Chembe ya wanga ina mhimili wa polepole kutoka kitovuni kwenda nje, kwa hiyo robo mbili za bluu zitakuwa zimejipanga kwenye mstari wa mhimili wa polepole wa tepu, na robo mbili za njano pembe mraba nao. Chora mshale kwenye kioo kwa kalamu isiyofutika. Ya mazoezi hiyo, lakini. Ya mgonjwa inahitaji bamba la kweli.

Na ukija kupost picha hapa, andika chini yake: vichujio vimeelekea wapi, mhimili wa polepole uko wapi kama kuna bamba, unene wa kipande, kiminika ulichofunikia. Weka picha mbili za uwanja uleule, ya pili ikiwa imezungushwa digrii 45. Kamera ifungie mwangaza wake kwa mkono kabla ya kupiga, la sivyo itaupandisha yenyewe na hutaweza kuzilinganisha.

---

Jicho_Kavu

Nimekata block ya maikromita 4 na 8. Narudi na namba Mama.